Nipe Daraja Langu

"Usiniambie kidonda," Luhende alisema. "Neno hilo nimelishwa wiki saba. Leo nipe lingine."

"Shusha sauti. Mama yako yuko uani."

"Asikie. Au naye yuko kwenye orodha ya watu wa kudanganywa?"

Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha chumba cha wageni, barua imetandazwa gotini. Alihamia chumba kile siku tuliyorudi kutoka hospitali Mwanza. Mimi nilisimama mlangoni na begi la safari mkononi, nusu limefungwa. Saa sita ilikuwa imepita. Saa nane lori la pamba lingetupitia kutupeleka stesheni ya Malampaka, na Jumatatu alitakiwa awe hospitali Dar es Salaam. Tarehe hiyo iliandikwa kwenye barua ileile aliyoishika.

Barua nilikuwa nimeificha chini kabisa ya sanduku langu, chini ya kanga za zamani. Luhende si mtu wa kupekua. Alikuwa anatafuta kitambaa. Tangu apasuliwe, utumbo wake ulitolewa nje kwa tundu ubavuni mwa tumbo, upande wa kushoto, na choo kikawa kinatokea hapo. Alikuwa anafunga mfuko wa nailoni na kuuzungushia vitambaa, peke yake, mlango umekomewa. Wiki saba sikuruhusiwa kuona. Vitambaa vilipomwishia aliona aibu hata kuniomba, akaenda mwenyewe kuchukua kanga ya kuchana. Akakutana na barua.

"Nani kakusomea?" niliuliza. Iliandikwa Kiingereza.

"Nesi Nyanjige, alipokuja juzi na sindano. Kanisomea mara mbili: kansa. Mara ya kwanza nilimwambia amekosea jina."

"Juzi?"

"Juzi. Nimekaa siku mbili nakuangalia unavyopanga mizigo. Unakunja mashati yangu huku unaimba nyimbo za kwaya. Nikasema ngoja nione ataimba mpaka lini."

Niliweka begi chini.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Siku ya tatu baada ya upasuaji. Daktari aliniita koridoni."

"Koridoni. Hatua kumi kutoka nilipolala."

"Ulikuwa na mpira puani, baba Milembe."

"Mpira ulikuwa puani. Masikio yalikuwa wazi."

Mimi si mtu wa kukosa jibu. Nina stashahada ya kilimo, nina miaka minane ya kupanga pamba madaraja, nimetukanwa na wakulima na wanunuzi kwa lugha mbili, na wote niliwajibu. Siku hiyo niliangalia dirisha.

"Niangalie mimi, mkaguzi," alisema.

Hilo jina hakuwa amelitumia kwa ugomvi hata siku moja. Lilikuwa jina la kitandani. Lilikuwa la siku tulizorudi kutoka shambani jioni na yeye akanibebea jembe.

Alilipata kwenye ghala la chama cha ushirika hapa hapa Migato, miaka minane nyuma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo. Luhende alileta magunia yake, pamba nyeupe juu kama maziwa. Niliingiza mkono mpaka kiwiko nikatoa ya katikati: ya njano, ina majani makavu na madoa. Nikainua watu wote waone. "Fifi," nikasema. Fifi ndiyo pamba ya daraja la pili, ile chafu, na hakuna mwanaume wa Kisukuma anayependa kuambiwa na msichana kwamba ana fifi, foleni nzima ikisikia. Wengine wangenitukania mama. Yeye alinitazama tu. Alinitazama kama mtu aliyekamatwa akamfurahia aliyemkamata. Akapakia magunia yake kwenye mkokoteni, akarudi siku ya tatu, nyeupe mbali, fifi mbali. "Nimechambua mwenyewe usiku na mchana," alisema. "Sasa nikague mimi." Watu walicheka sana. Mwaka uliofuata ng'ombe walifika kwa baba.

Na sasa mtu huyohuyo alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega ikasukuma shati, huku tumbo limejaa maji kama la mama mjamzito.

"Wazee wa Migato nzima umewaambia pamba yao ni fifi," alisema, "mbele ya wake zao. Hukupepesa jicho. Mimi mume wako ukanipanga nyeupe juu."

"Luhende."

"Nyeupe juu, mama Milembe. Ujanja niliokufanyia mimi siku ya kwanza, umenirudishia."

"Niliogopa."

"Wewe?"

"Mimi. Baba yangu aliambiwa asubuhi kwamba ini limekwisha. Mchana akageukia ukuta. Hakugeuka tena. Siku kumi na moja nilimlisha amenipa mgongo. Nilisema wewe sitakuacha ugeuke."

"Mimi ni baba yako Limbu?"

"Hapana."

"Basi uliyemficha ni yeye, si mimi. Mimi hukuniuliza kama nitageuka."

Mlango ulisukumwa kabla sijasema neno. Mama mkwe wangu, mayu Kwandu, aliingia na fimbo yake, na nyuma yake Mihayo, kaka mkubwa wa Luhende, mwanaume wa sauti kubwa na tumbo kubwa zaidi.

"Nimesikia," mayu Kwandu alisema. "Ukuta huu ni wa matofali ya kuchoma lakini nimesikia. Kansa?"

Alimtazama mwanawe, kisha akanigeukia mimi.

"Ng'wana Limbu, nakuuliza wewe. Ni kansa?"

"Ni kansa, mayu."

Alikaa kwenye kigoda bila kukitazama, akakipata. Nilidhani atalia. Hakulia. Alinyoosha fimbo kwangu.

"Wewe ndiye uliyesaini. Mwanangu alikuwa na tumbo lililofunga, tu. Ukachukua kalamu, ukasaini wamfungue. Wakamfungua, upepo ukaingia, ugonjwa ukatawanyika. Tumbo ambalo halijafunguliwa halina upepo."

"Utumbo ulikuwa umeziba, mayu. Asingefika Jumapili."

"Nakuambia upepo."

"Upepo haupandi kansa. Walikuta punje zake walipofungua. Zilikuwa zimeshatawanyika."

"Ulikuwepo? Uliziona?"

"Sikuwepo."

"Basi usiape. Mimi nimemzaa huyu. Chumba hiki hiki. Miezi miwili unanipikia uji, unaniambia anapona, nami nawaambia wanawake wa jumuiya anapona. Nimemshukuru Mungu kwa uongo wako kanisani, wamesimama watu wote."

Hapo alinipiga pabaya, kwa sababu hapo alisema kweli.

Mihayo aliona nafasi yake. "Sasa tusipigane, shemeji. Mambo yameshapangwa. Kuna mzee huko Lingeka anatibu matumbo. Maji yanatoka bila kisu. Dume moja la ng'ombe, basi. Nimeshalitenga. Mwenye pikapu anakuja kesho alfajiri."

"Umepanga lini, shemeji?"

"Jana."

"Jana ulikuwa unajua nini?"

"Nilijua tumbo linajaa. Macho ninayo. Wewe ulidhani umeficha, lakini tumbo halifichiki. Au ulitaka tuamini mume wako anatarajia mtoto?"

"Huyo mzee ataona nini ndani?"

"Ataona ambacho madaktari wako hawakuona."

"Madaktari wangu wameona, ndiyo maana wameandika."

"Wameandika Kiingereza ili tusijue."

"Aliyeficha si Kiingereza," Luhende alisema. "Ni Klementina."

Alikuwa amekunja barua mara mbili, anaipigapiga gotini taratibu. Jasho lilimtoka usoni ingawa chumba kile hakina joto.

"Mnanigombea kama nundu ya ng'ombe," alisema. "Mmoja anavuta Dar, mwingine Lingeka. Mimi nimekaa hapa kama sina mdomo. Mama, kaa hapo hapo. Mihayo, acha kusimama mlangoni, unaziba mwanga. Mkaguzi."

"Naam."

"Fanya kazi yako. Nipe daraja langu. Mbele yao, kama siku ile ghalani. Ukiweka nyeupe juu hata kidogo, siendi kokote, na usiku huu unarudi kulala kwa mama yako."

Nilimtazama kuona kama anatania. Macho yake yalikuwa makavu na makali. Nilimpenda kwa hasira siku hiyo. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kuweka shavu langu kwenye ile shingo iliyokonda, vyote kwa pamoja, nikasimama tu, mikono imening'inia.

Kisha nikasema.

"Ilianza kwenye utumbo mpana. Hicho kipande walikikata, hakipo tena. Lakini ilikuwa imeshatoka nje ya utumbo, ikapanda kwenye utando. Ukichuna mbuzi unauona, ule mwembamba unaong'aa, umefunika matumbo yote na kuta za ndani. Huo. Umejaa punje kama ulezi. Daktari aliniambia alihesabu mpaka akaacha."

"Maji?"

"Yanatoka kwenye hizo punje. Si chakula cha hospitali kama nilivyokuambia. Wakiyatoa yatarudi, mpaka punje zipunguzwe."

"Lingeka wanatoa maji," Mihayo alisema.

"Nyamaza, Mihayo," mama yake alisema. Nilishangaa.

"Dar kuna nini?" Luhende aliuliza.

"Dawa ya dripu. Siku tano mfululizo, kisha unapumzika zaidi ya wiki tatu. Hivyo mara sita. Utatapika. Mdomo utatoka vidonda, maji ya kunywa yatakuchoma. Nguvu zitakwisha. Baada ya mara tatu wanapima. Zikipungua, kuna daktari wa upasuaji atakayeangalia kama inafaa kufungua tena na kuondoa zilizobaki."

Mayu Kwandu alitoa mguno kwenye neno kufungua, akaziba mdomo na pindo la kitenge.

"Inapona?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Hakusema ndiyo. Alisema kwa wachache zinapungua sana. Kwa wengi zinasimama muda fulani, kisha zinaendelea. Kwa wengine dawa haifanyi kitu. Hajui wewe uko kundi gani mpaka ujaribu."

"Bila dawa?"

"Alisema utaona msimu wa kupanda. Nikamuuliza kama utaona palizi. Akatazama saa yake."

"Na kwa dawa?"

"Pengine mavuno. Pengine mavuno mawili. Alisema pengine mara nne kwenye maneno hayo, nilihesabu."

Nje kuku walikuwa wanachakura. Mtu alipita barabarani na baiskeli inayolia mnyororo. Luhende alikuwa ananitazama bila kupepesa, mimi pia sikupepesa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba nilihisi tuko chumba kimoja.

"Hujasema daraja," alisema.

"Nimekuambia yote."

"Umeeleza mzigo. Neno hujasema."

"Usinifanyie hivi mbele ya mama yako."

"Uliwahi kunionea huruma ghalani?"

"Hapana."

"Sema."

"Fifi," nikasema.

Mayu Kwandu alisimama kwa fimbo yake. "Mwanamke gani wewe. Mwanangu anakufa unamwita taka."

Lakini Luhende alikuwa amefumba macho, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Alipoyafumbua alinitazama kwa ile namna ya ghalani. Ile ile. Nilikuwa sijaiona tangu mwezi wa tano, nami nilidhani upasuaji ulikuwa umeikata pamoja na utumbo.

"Na fifi," aliuliza, "mnaitupa?"

"Hakuna anayeitupa. Inachambuliwa kama nyingine. Inapita mashine ile ile."

"Nyuzi zinatoka?"

"Zinatoka. Chache, lakini zinatoka."

"Haya," alisema. "Naenda Dar."

Mihayo alipiga kiganja pajani. "Na dume la watu nimeshalitenga? Na pikapu? Nitamwambia nini mzee wa Lingeka?"

"Nenda wewe, kaka. Na wewe una tumbo."

Nilicheka kabla sijajizuia. Hata Mihayo alitaka kucheka, akakumbuka amekasirika, akatoka akisema familia hii imeoa ofisi ya serikali badala ya mke. Mayu Kwandu alibaki kidogo. Hakunitazama. Alimshika mwanawe kidevu, akakigeuza huku na huku kama anayemkagua mtoto pua.

"Unajua unachofanya?" alimuuliza.

"Sasa najua, mama. Jana sikujua."

Alikiachia kidevu, akatoka.

Luhende alisikiliza nyayo zake mpaka zikapotea uani. Kisha akasema, "Sijakusamehe."

"Sijaomba."

"Utaomba."

"Kwenye treni. Ni siku mbili, nitapata nafasi."

Kwa mbali nilisikia honi ya lori. Constantine, dereva wa kampuni ninayoifanyia kazi, huwa anaanza kupiga honi tangu kwenye daraja la mto ili asisubiri mtu. Zilikuwa kampuni nyingi mwaka ule. Tangu wanunuzi binafsi waingie, mizani ilikuwa kila kona, na wengi walinunua nyeupe na fifi kwa bei moja kwa kuogopa mkulima asiende kwa jirani. Mimi nilibaki mkaguzi wa pamba ambayo hakuna aliyetaka ikaguliwe. Pengine hapo ndipo nilipojifunza kunyamaza.

Luhende alinyanyuka kushika begi, akasimama katikati ya chumba, mkono umekwenda ubavuni. Harufu ilifika kabla hajasema. Mfuko ulikuwa umefunguka.

"Toka," alisema. "Nitajifunga."

Niliukomea mlango. Kwa ndani.

"Klementina, toka."

"Sitoki. Treni ni siku mbili. Utajikomea wapi kwenye behewa la watu sita?"

"Nitajua mwenyewe."

"Umetaka daraja nimekupa. Lakini nimelitoa bila kuingiza mkono, na mimi sijawahi kupanga mzigo nisioingiza mkono. Vua shati."

"Ni kitu kibaya."

"Nimezaa, Luhende. Nimefua nepi. Nimemlisha baba yangu mgongo. Vua shati, Constantine hasubiri."

Tulitazamana. Honi ililia tena, karibu zaidi. Akaanza vifungo, kimoja kimoja, kutoka juu, na macho yake hayakuniacha, hata kifungo kimoja kilipokataa kufunguka.

Kilikuwa kitu chekundu, kibichi, kidogo kuliko nilivyowaza usiku wote ule nikiwa peke yangu kitandani. Kama nyanya mbivu iliyomenywa. Ngozi pembeni ilikuwa imechubuka vibaya kwa vitambaa vikavu. Alikuwa anajiumiza kila siku kwa sababu ya aibu. Nilichukua maji ya uvuguvugu kwenye birika, nikatia chumvi, nikaosha. Alitetemeka mara moja. Nikapaka mafuta ya mgando kwenye ngozi, nikafunga mfuko mpya, nikachana kanga yangu, ile ya bluu aliyoninunulia Lamadi tulipokwenda kula samaki mwezi wa kwanza wa ndoa, nikamzungushia.

"Hiyo kanga," alisema.

"Ni kitambaa. Simama wima."

Mkono wake ulishuka kichwani kwangu. Nilikuwa nimepiga magoti, paji la uso langu liko karibu na tumbo lile gumu, lenye joto. Wiki saba. Nikaegemeza uso hapo kidogo, upande usiouma.

"Mpaka kiwiko, mkaguzi," alisema taratibu.

"Nyamaza. Inua mikono nikuvike shati."

Nje Constantine alikuwa ameshusha ubao wa nyuma, anabishana na Mihayo kuhusu mizigo. "Mwadila, mayu," alimsalimu mama mkwe, naye hakuitika. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa gari, fimbo mkononi, mtu hawezi kupanda bila kumpita.

"Ng'wana Limbu."

"Naam, mayu."

"Ukimrudisha maiti, usiingie boma hili."

"Nikimrudisha maiti nitaingia, mayu, kwa sababu nitakuwa nimemleta. Na akirudi anatembea nitaingia pia."

Alinitazama kwa muda. Chuki ilikuwepo, sitaficha tena kitu chochote. Halafu akafungua pindo la kitenge, akatoa chupa ndogo ya maji ya baraka ya kanisani, akampa mwanawe, si mimi, akasogea pembeni.

Tulimpandisha Luhende katikati, mimi dirishani. Nyuma yetu magunia yalijaa mpaka juu ya ubao. Constantine aliwasha, gari likatikisika, nyumba yetu ikaanza kurudi nyuma kwenye kioo.

"Maswa tunasimama kwa Lukresia," Luhende alisema. Lukresia ni dada yangu. Tulikuwa tumempelekea Milembe, binti yetu, tangu Jumapili. "Milembe umemwambia nini?"

"Kidonda."

"Nitamwambia mwenyewe. Ana miaka sita, si mjinga."

"Sawa."

Alitoa barua mfukoni mwa shati, akaikunjua, akaninyooshea.

"Soma."

"Umeshasomewa mara mbili."

"Na Nyanjige. Wewe bado. Soma kwa Kiswahili, kutoka juu, usiruke hata mstari."

Constantine aliangalia mbele kwa bidii ya mtu asiyetaka kusikia. Niliishika barua kwa mikono miwili kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Nikaanza na jina lake.

"Ni mimi," Luhende alisema. "Endelea."